Kwa nini Landau hakwenda Stockholm
Mkuu, umeuliza kama serikali ya Kisovieti ndo ilimzuia mwanafizikia wake Lev Landau kwenda Stockholm kuchukua Nobel yake ya fizikia ya 1962, hapana aisee, ni ajali. Januari ile gari alilopanda liligongana na lori, akakaa koma wiki kibao, kwa hiyo tuzo akakabidhiwa hukohuko Moscow na balozi wa Sweden, na kazi ya fizikia hakuirudia tena mpaka anafariki 1968.
Serikali ilimsumbua kabla, 1938 alifungwa mwaka mzima, akatoka baada ya mwanafizikia mwenzake Kapitsa kumwandikia barua Stalin na baadae kumdhamini kwa maandishi (jamaa alikuwa na roho ngumu!), halafu 1941 Landau akaja kueleza heliamu ya kimiminika yenye baridi kali inavyotiririka bila kukwama, tabia ambayo Kapitsa mwenyewe alikuwa kati ya walioigundua.