Kabla hujanunua kanga ya "enzi za Barghash"

Mwaka juzi, kwenye duka moja la vitu vya kale hapa Unguja, nililipa pesa ya doti kumi kwa upande mmoja tu wa kanga. Muuzaji aliapa kuwa ni ya enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Nikaikimbiza kwa bibi. Akaikunjua, akasoma jina, yaani yale maneno yaliyo juu ya pindo, akaniuliza, "Mjukuu wangu, wakati huo herufi hizi za kizungu ziliingiaje kwenye nguo?"

Sina hamu.

Barghash alitawala 1870 hadi 1888, na kanga yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado jora, vile Wareno wanavyoviita lenço nasi tukasema leso. Walivikata vitatu vitatu, wakaunga safu mbili, wakapata nguo ya vitambaa sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuchapisha nguo nzima. Majina yalikuja baadaye, karne ya 20, tena mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo ukiambiwa kanga ni ya Barghash na ina methali unayoisoma bila shida, rudisha pochi yako mfukoni.

Halafu angalia uchapaji. Nguo iliyopigwa muhuri wa mbao kwa mkono haikosi kasoro pale muhuri mmoja unapokutana na mwenzake: doa limepanda juu ya doa, au umebaki mwanya mwembamba mweupe. Mashine ikikosea, kosa hujirudia lilelile nguo nzima. Mwenye mali akikuruhusu, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Wangu uliyeyuka ukawa kishanga cheusi, kigumu. Poliesta!

Ukipata ya kweli, usikimbilie kufua. Kisutu cha bibi, ile kanga ya wekundu, weusi na weupe, nilikiloweka kwa sabuni ya unga, na weupe wote ukageuka waridi. Siku mbili hakunisemesha. Lowesha pamba nyeupe kwa maji matupu, ibonyeze kwenye wekundu kwa dakika moja. Ikitoka na rangi, kung'uta vumbi tu, kisha viringisha nguo kwenye shuka jeupe, mbali na jua.

Kanga yangu ya Barghash bibi aliichukua. Anafunikia unga wa maandazi uumuke, na anasema kwa kazi hiyo haina mfano.