Kampeni ya Vita vya Mezani: Mpe Anayeshindwa Sababu ya Kurudi

Nikisema nyumbani kwamba Jumamosi nina kampeni, mamangu huuliza ni ya mgombea gani. Basi nianze hapo. Kampeni ninayoizungumzia ni ya vita vya mezani: askari wadogo wa plastiki wa kimo cha milimita 28 hivi, meza ya kulia iliyotandikwa shuka la kaki, tepu ya fundi cherehani ya kupimia hatua, na dadu. Pigano moja ni mchezo wa jioni moja. Kampeni ni mapigano kadhaa yaliyofungwa kwenye hadithi moja, na lililokupata Jumamosi hii litakufuata hadi Jumamosi nyengine.

Kampeni yangu ya kwanza ilikufa kikao cha tatu, na aliyeiua ni mimi. Nilichora pwani nzima, Lamu hadi Kilwa, bandari 23, wachezaji sita, kanuni daftari zima. Shemeji yangu akashinda pigano la kwanza, akapewa Malindi, na Malindi ikampa askari watano wa ziada. Pigano la pili akaja na hao watano, akashinda tena, akaongezewa wengine. La tatu, sisi wengine tulikuwa tunapanga askari mezani kama watu wanaoandaa maziko. Mmoja akasema ana arusi Kisauni. Mwengine ana homa. Arusi haikuwapo, na mwenye homa nilimkuta Marikiti akila viazi karai.

Shemeji hakukosea. Iliyokosea ni kanuni yangu, iliyompa mshindi nguvu ya kushinda tena. Maisha ndivyo yalivyo, najua, lakini hakuna mtu anayesimama foleni ya feri ya Likoni baada ya kazi ili aje kwangu kuonyeshwa maisha yalivyo.

Dawa niliipata Ngomeni, Fort Jesus ya hapa Mombasa, mahali ambapo nimepita mara elfu bila kufikiria mchezo. Ngome ile, ilipokuwa ya Wareno, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698, miezi 33. Mwisho wake tunaujua sote. Sasa tazama hadithi yenyewe iko wapi. Kufikia Agosti 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno waliokuwamo, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, jamaa zake, na Waafrika wachache, wanaume kwa wanawake. Wakaishika mpaka msaada ukafika Septemba. Mwaka huo huo manowari ya Kireno, Santo António de Tanná, ikazama hapo hapo mbele ya ngome, na vitu ambavyo wapiga mbizi walianza kuvitoa mwaka 1977 vimo makumbusho, waweza kwenda kuvitazama.

Nikajiuliza: ikiwa mwisho unajulikana, aliye ndani ya ngome anacheza kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya muda. Akishikilia muda mrefu kuliko wenyewe walioishika ngome wakati ule, ameshinda, hata bendera ikishushwa. Hapo ndipo nilipoacha kupima kampeni kwa nani kamfukuza nani mezani.

Basi tukaanza upya, watu wanne. Ramani ni kisiwa cha Mombasa na ukingo wake tu: ngome, mji, kivuko cha Makupa, Kilindini, na ng'ambo ya Likoni. Sehemu tano zinatosha, kila moja mtu anaijua kwa miguu. Mapigano manane, moja kila wiki mbili, kila moja likisimama badala ya miezi minne, na tarehe ya mwisho imeandikwa kabla ya dadu ya kwanza kurushwa. Usilipuuze hili la tarehe. Mtu mwenye watoto na zamu bandarini atakupa Jumamosi nane akizijua. Hatakupa Jumamosi zisizo na hesabu.

Mshindi wa pigano hupata mahali, hapati watu. Kila upande huja mezani na askari kati ya 20 na 24, basi. Aliyeshindwa ndiye anayechagua pigano lijalo litapiganiwa wapi, na hupewa siri moja: njia ya usiku, jasusi mjini, mtumbwi uliofichwa. Utashangaa mtu anavyorudi mbio akiwa na siri mfukoni.

Chakula na baruti tunavihesabu kwa komwe, zile zile za bao, ndani ya vikombe viwili vya kahawa. Ngome hula komwe moja kila pigano. Jahazi za kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, huja na kaskazi tu, upepo wa Novemba hadi Machi, yaani pigano la tatu na la sita. Kusi ikivuma, aliye ndani hana wa kumwita. Kanuni hii haikuhitaji ukurasa hata mmoja. Niliisema mara moja, na kila mtu akaielewa, maana babu zetu waliishi kwayo.

Kikwazo sikukitarajia: wote walitaka kuwa Waomani, hakuna aliyetaka kuwa Mreno. Nikamkabidhi shemeji Bwana Daud, akanyamaza kidogo, akakubali. Pate ilikuwa upande wa Oman, Faza upande wa pili, na ziko kisiwa kimoja. Ukitafuta hadithi ya kampeni, tafuta palipo na Waswahili pande zote mbili. Huko watu hubishana hata baada ya kula.

Mwamuzi awepo, asiyecheza. Jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, lilipoanza kutumia mchezo wa vita wa mezani mwaka 1824, mwamuzi alikuwa sehemu ya mchezo, kwa sababu yeye pekee ndiye anayejua pande zote mbili zimeandika nini. Wetu ni ami yangu aliyestaafu. Kanuni hajui hata moja, lakini siri anaziweka. "Ami, jahazi zimefika?" "Kaskazi ikivuma, utaziona, mwanangu." Hapo hutapata zaidi.

Majeraha nayo yaandike. Baada ya pigano, kila aliyeanguka hurushiwa dadu: moja, amekufa, mbili au tatu, anabaki na kilema, zaidi ya hapo, amepona. Tunaye mpiga ngoma mmoja aliyeanguka ngazini kwa kweli, si mchezoni, mkono ukakatika. Nilishika gundi nimtengeneze, wakanikataza. Tangu hapo ameanguka mapigano matatu, na dadu inakataa kumuua. Daftari la kampeni lina kurasa sita juu yake, kuliko majemadari wote.

Vifaa visikutishe. Kuta zetu ni boksi za friji zilizopakwa gundi na mchanga wa Nyali, mapaa ni nyuzi za makumbi, na kanzu za Waomani nimezipaka rangi ya kucha nyeupe ya dadangu, ambayo hukauka upesi kuliko rangi ya duka. Kumrudishia kichupa ni habari nyengine.

Shemeji aliishika ngome mpaka pigano la saba. Kwa hesabu yetu ni miezi 28, mitano pungufu ya wenyewe. Bado anadai ni kwa sababu ya komwe moja ya baruti niliyompokonya Makupa. Tunarudia baada ya Idi, na safari hii anataka mzingiro uanze Novemba, apate kaskazi mapema. Nimemwambia ulianza Machi, pepo zikigeuka. Amekwenda kumlalamikia ami.