Ukinyimwa kibali cha usalama, usingoje rufaa ndipo ujitetee

Nilipopata barua ya sababu za kuninyima kibali, yaani ruhusa ya serikali ya kuona siri zake, nilikuwa mgeni katika kampuni yenye mkataba na jeshi la Marekani. Tuhuma zilikuwa chini ya herufi mbili za miongozo ambayo serikali huitumia kuamua nani apewe kibali: H, dawa za kulevya, na J, makosa ya jinai. Bangi ya enzi za chuo, na usiku niliokamatwa nikiendesha gari nimelewa. Nikataka kujibu kwa mistari miwili, mengine nikayaseme kwenye rufaa. Mwanasheria alinizuia, namshukuru mpaka leo.

Ndugu yangu unayeanza, kwa wafanyakazi wa makandarasi wa ulinzi barua hiyo hujibiwa kwa kiapo ndani ya siku 20, tuhuma moja moja: nakiri au nakana. Humo humo omba kusikilizwa na jaji. Usipoomba, utaamuliwa kwa makaratasi. Ukishindwa, una siku 15 za kutoa notisi ya rufaa, lakini Bodi ya Rufaa haipokei ushahidi mpya. Inachunguza tu kama jaji alikosea. Barua ya mshauri nasaha uliyoisahau kabatini haitaingia tena.

Kuhusu bangi, usijitetee kwamba jimboni kwenu ni halali. Maryland iliihalalisha mwaka 2023, ila kibali kinafuata sheria ya shirikisho. Mimi nilitia saini tamko kwamba sitaigusa tena, na nikiigusa kibali kifutwe. Nilihama pia nyumba niliyokaa na wavutaji, nikapeleka mkataba mpya wa pango. Kwa kesi ya gari nilipeleka risiti za faini na cheti cha kumaliza masharti ya mahakama. Bosi wangu aliandika barua, lakini kwanza nilimsomea tuhuma zote, maana sifa za mtu asiyejua ulichofanya hazina uzito.

Lililo zito kuliko yote ni uongo. Fomu ya SF-86, ile ya kuombea kibali, inauliza matumizi ya dawa kwa miaka 7 iliyopita. Ukificha, inaongezeka herufi E, mwenendo binafsi, na hapo hata miaka uliyokaa bila kuvuta inatiliwa shaka. Nimeona kijana wa kwetu akipoteza kazi kwa bangi ya mara mbili aliyoikana, ilhali angeikiri pengine angesamehewa.

Siku ya kusikilizwa, mwanasheria wa serikali aliniuliza Jumamosi zangu nazimaliza na nani. Mke wangu alikuwa shahidi aliyefuata.