Barua kwa mwanangu: mbona jini yetu hatuipiki na mnazi

Mwanangu mpendwa,

Ile voisi yako niliisikiliza juzi nikiwa nabandika stempu za ushuru za KRA, nikaona nisikupigie manake ungenikatiza kila dakika kama kawaida yako, bora nikuandikie uisome yote alafu ndo ubishane. Umeuliza kitu kimoja: sisi watu wa Kilifi tumezungukwa na minazi mpaka mlangoni, babu yako mwenyewe alikuwa mgema, mbona jini yetu, hii gin tunayoipika, tunainunulia spiriti ya miwa, ile pombe kali isiyo na ladha, kutoka kule magharibi mwa Kenya? Kwa nini tusipike na mnazi, hilo tembo la hapa hapa, tuandike kwa lebo "jini ya mnazi", watalii wa Watamu walipe mara mbili?

Wazo si baya mama, na najua limetoka wapi, huko kwenu Nairobi chupa inatafutiwa stori kwanza, kilicho ndani baadaye. Lakini jibu langu ni hapana, na si kwamba mamako amezeeka hataki mambo mapya.

Tuanze na hesabu, we si ndo uliisomea. Mnazi mzuri una pombe kama asilimia tano hivi, sio zaidi sana. Mtungi wetu wa shaba wa kupikia nikiujaza lita mia, nautia spiriti iliyozimuliwa na maji mpaka asilimia 50, yani ndani kuna lita 50 za pombe tupu, nikishatoa ya kwanza na ya mwisho ambazo hazinyweki nabaki na ya kutosha chupa kama 130 za mililita 750 kwa asilimia 43. Sasa hizo lita 50 uzitoe kwa mnazi, unataka lita elfu moja, na hapo hujapoteza hata tone, na utapoteza. Mti mmoja ukikupa lita moja na nusu kwa siku, asubuhi na jioni pamoja, umeshukuru Mungu. Haya piga, ni miti zaidi ya mia sita, kila mmoja mtu anaupanda na kushuka, na mgema mwenye nguvu zake ukimpa miti ishirini ameshachoka. Kwa hiyo bachi moja, yani mpiko mmoja, niitie wagema thelathini na kitu, na nikiwalipa kwa lita, methali ya mgema na tembo lake unaijua.

Utasema tukusanye kidogo kidogo wiki nzima. Haukusanyiki mama. Mnazi unaanza kuchacha ungali juu ya mti, kibuyu hakijashushwa, asubuhi ni mtamu, jioni umeshakuwa mkali, kesho yake unakwaruza koo na keshokutwa ni siki ya kutilia achari. Wenzetu Sri Lanka wanaoupika kuwa arak, pombe kali ya mnazi, hawaucheleweshi, na wao wana mashamba ambayo wagema wanapita juu kwa kamba mti hadi mti bila kushuka. Sisi hapa mti wa huyu uko nyuma ya choo cha yule. Alafu ukiupika ushageuka siki, ule ukali unapanda na mvuke unakula shaba, na shaba hiyo ndo mtaji wetu wote.

Lakini tuseme umenipa lita elfu, mbichi, saa mbili asubuhi, na wagema waaminifu wote. Bado si jini. Jini inaanza na spiriti isiyo na ladha wala harufu ya kilichoizaa, kwa sheria za Ulaya kwa mfano lazima iwe imefika asilimia 96 kabla hujaitia junipa, vile vitunda vinavyoipa jini harufu yake. Asilimia 96 haitoki kwa mtungi kama wetu, inataka mnara mrefu wenye sahani nyingi ndani, mvuke unapanda unashuka unapanda tena, kiwanda kizima hicho. Na ukishafika huko juu, kile kilichokuwa mnazi hakipo tena. Harufu imekwenda, ule utamu wa mwisho mdomoni umekwenda, umebaki na kitu kile kile ninachonunua kwa pipa, ila wewe umekilipia mara kumi. Ndo utaandika mnazi kwa lebo? Mtu aonje atafute mnazi asiupate, aseme hawa watu wa pwani ni waongo.

Na usije ukadhani spiriti ya miwa ni aibu. Molasi ni mabaki ya sukari yetu wenyewe, na jini nyingi duniani, hata hizo unazoziona kwa baa za Westlands kwa bei ya mbuzi, mwenye jina kwa chupa hakupika spiriti, aliinunua. Kazi ya mpikaji wa jini iko kwa anachotia na anavyoipokea ikitoka.

Hapo kwa kupokea ndo nataka uje ukae siku moja na mimi badala ya kunitumia meseji. Moto naupandisha polepole tangu alfajiri kabla jua halijachoma mabati. Tone la kwanza likitoka harufu yake ni ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, hiyo naikinga kando, haiendi kwa mtu. Alafu ghafla inabadilika, ndimu inatangulia, maganda ya machungwa yanafuata, hapo natoa ndoo ile naweka jagi la chuma na sitoki hapo hata simu ikilia. Nachovya kidole, nasugua viganja, nanusa. Junipa yenyewe inakuja katikati, iliki na mbegu za dania baadaye kidogo, na mwisho kabisa utasikia harufu ya majani yaliyochemka sana na katoni iliyonyeshewa, hapo ukichelewa dakika chache umeharibu jagi zima. Hidromita, kile kipimo cha ukali wa pombe, inasaidia lakini pua ndo inakata. Mjomba wako alikuwa hapa mwezi uliopita akasema kumbe kazi yenyewe ni kunusa tu, nikampa jagi anuse yeye, akanyamaza.

Unataka pwani ionekane kwa chupa? Imo. Ndimu ni za hapa, machungwa yanatoka Muheza, Tanzania, yanavuka mpaka Lunga Lunga, mabuyu tunaokota chini ya mibuyu ileile uliyokuwa ukichezea, iliki na mdalasini nachagua mwenyewe Marikiti Mombasa, sitaki cha pakiti. Junipa ndo mgeni wa mbali peke yake, hiyo kavu inatoka Ulaya. Wale Procera, wapikaji wa jini wa Nairobi, wamejipatia jina kwa kutumia junipa ya Kenya, ile ya mutarakwa, mti huohuo watu wanakata fito za fensi, na ladha yake ni tofauti kabisa na ya Ulaya. Hilo ni wazo ningelipenda ungeniletea. Ulizia huko bara nani anauza matunda yake kihalali, yameiva, na yanafikaje Kilifi bila kuoza kwa basi.

Pwani imo pia kwa shida zake, hizo lebo haiandiki. Maji ya kupozea mvuke yanatoka kwa tangi yakiwa ya moto tayari, saa nane mchana kondensa inapoza nusu nusu na mvuke unataka kutoroka, ndo mana napika asubuhi. Maji ya kisima yana chumvi, ya kuzimulia lazima yapite kwa mashine ya kuchuja, na ukizimua kwa haraka, mafuta ya ndimu yanajitenga na jini inageuka nyeupe kama tui la pili. Haina sumu, lakini nani atanunua. Namimina maji kidogo, naacha, kesho naongeza. Stima ikipotea pampu inasimama na mimi nazima moto, bachi imelala hapo. Vyuma vyote visivyo vya shaba au vya pua vinaliwa na upepo wa bahari, bawaba za mlango nimebadilisha sijui mara ngapi.

Sasa kuna jambo la sheria, na hapa sicheki. Unakumbuka Februari 2024 kule Kirinyaga watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe ya sumu, na Machi serikali ikasimamisha laiseni za watengenezaji wa zile pombe kali za bei ya chini wakaguliwe upya. Sisi wadogo tukatazamwa kwa jicho lilelile, ofisa akija hajui kama we ni jini ya watalii au ni kumi kumi, ile pombe haramu ya mitaani. Watu wanaogopa eti methanoli inatoka kwa mnazi ukipikwa, sio kweli, mnazi una kidogo sana, inayoua ni ile ya viwandani mtu anayoimwagia makusudi aongeze ujazo. Lakini mkaguzi akikuta mapipa ya mnazi uani kwangu, na wagema wanaingia na kutoka na vibuyu, mimi nitaanza kumfundisha kemia? Spiriti ninayonunua inakuja na karatasi, imepimwa, namba ya bachi ipo, nikiulizwa natoa faili. Mnazi wa miti mia sita hauna karatasi.

Na ushuru haukupunguzii kwa sababu umepanda mti. Tangu mwisho wa 2024 pombe kali inahesabiwa shilingi 10 kwa kila sentilita ya pombe tupu, chupa yetu hiyo ni zaidi ya shilingi mia tatu na ishirini kabla hujagusa VAT, chupa yenyewe, kizibo, lebo, wala ile hoteli ambayo inachukua Desemba na kulipa mvua za masika zikishaanza.

Kingine ambacho hukuuliza ila nitakisema. Mnazi hapa una kazi zake. Bila kadzama, ule mnazi wa mahari, hujaoa Mgiriama, wazee hawakai chini. Matanga ni mnazi, koma, mizimu ya wazee wetu, wanamwagiwa mnazi. Babu yako alipanda miti mpaka magoti yakagoma na akasomesha watu wanne, na hakuna siku alikosa mteja mangweni, pale mnazi unaponywewa. Nikianza mimi kununua lita elfu kila bachi, bei inapanda, na anayeumia sio mtalii wa Watamu, ni mzee wa Ganze na chupa yake ya jioni. Ujirani wenyewe tunauishi kwa adabu, nusu ya kijiji ni Waislamu na ndo mana hata kibao cha barabarani sikuweka, sitaki tena na nusu nyingine inikasirikie.

Ila kama moyo wako uko kwa mnazi kweli, njoo tuongee kuhusu kinywaji kingine. Tusiuvue ladha yake, tuupike mara mbili kwa mtungi mdogo, hauhitaji kufika 96, unabaki na harufu yake, unakuwa arak ya Kilifi na unauzwa kwa jina lake. Mgema mmoja au wawili wa karibu wanatosha kuanza. Lakini kwanza KEBS, wale wa viwango, kwanza laiseni iandikwe hicho kinywaji, kwanza hela yako mwenyewe iwe mezani, manake hii ya jini imeshapangiwa chila ya kupoza maji. Sitapika hata kikombe cha majaribio uani, hilo usiniombe.

Kwa lebo mpya nifanyie hivi: jini, imepikwa Kilifi, spiriti ya miwa, na ndimu, mabuyu, iliki na junipa, asilimia 43, namba ya bachi chini. "Miwa" isifichwe kwa herufi za sisimizi. Na gundi uwaambie ile ya chupa za mvinyo, hizi za sasa zikikaa robo saa kwa ndoo ya barafu zinabanduka, mameneja wa baa wananirudishia wakidhani ni feki. Nataka mia tano kwanza kabla ya Desemba, bei utaniambia.

Msalimie mkweo.

Mamako