Maswali ya wasomaji: Bahasha juu ya mto wa kulalia

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga, ninaishi na mama yangu. Nilijiunga na mtandao ambao wasafiri hulala kwa wenyeji bila malipo, na mwezi uliopita tulimpokea kijana wa Kijerumani kwa siku nne. Mama alimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, majirani wakaleta mahamri, lakini mgeni akawa anakula kidogo na kusema ameshiba. Baada ya chakula alijifungia chumbani, na siku ya tatu akaomba aachiwe jiko apike yeye. Alipoondoka tulikuta bahasha yenye shilingi 60,000 juu ya mto aliolalia. Mama anasema amelipwa kama mwenye gesti, na mpaka leo bahasha iko juu ya kabati, hajaigusa. Je, mgeni alitudharau? Na pesa hizo tuzifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako sioni mtu aliyemdharau mwenzake. Namwona mama aliyetimiza adabu ya kwao na mgeni aliyetimiza adabu ya kwao, na katikati yao uko wewe, uliyeyasoma masharti ya mtandao na unayemjua mama yako, lakini hukumfasiria yeyote kati yao.

Nianze na bahasha, kwa kuwa ndiyo iliyomuumiza mama. Mitandao ya namna hii, kama Couchsurfing iliyoanza mwaka 2004 na BeWelcome iliyoanza mwaka 2007, ina sharti kwamba mwenyeji hamtozi mgeni pesa ya malazi, na bila shaka mgeni wenu alilijua hilo. Chakula, hata hivyo, wao hukihesabu kando: kwa wengi wa huko aliyekula kwa mwenzake siku nne huona ni wajibu wake kuchangia gharama za sokoni, na akiondoka bila kuchangia hujiona amemnyonya mwenyeji wake. Sisi nasi tunalo jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Ndugu akitoka Muheza huja na kikapu cha machungwa, na mgeni anayeaga humshika mama mwenye nyumba mkono, akamwachia noti iliyokunjwa na kumwambia, “Mama, hii ya sabuni,” na hakuna mama anayekasirika kwa hilo. Mgeni wenu alikuwa na nia hiyo hiyo, ila hakujua kwamba kwetu pesa hupita mkononi na kusindikizwa na neno, na kwamba ikiachwa kitandani kimya kimya hufanana na malipo ya chumba.

Kwa hiyo mwandikie mgeni salamu za mama, umwambie kwamba zawadi yake imepokelewa kama ya sabuni, halafu mwombe mama anunue sukari, unga na mafuta, na sehemu apelekewe jirani aliyeleta mahamri, kwani naye alimpokea mgeni.

Kuhusu chakula, kwetu “nimeshiba” ya kwanza huwa ni ya heshima tu, na mwenyeji asiposhurutisha huonekana mchoyo. Kwao neno hilo lina maana moja, na anayeendelea kujaziwa sahani huanza kuhofia kwamba akiacha wali atakosea, na akiumaliza ataongezewa. Ombi lake la kupika nalo lilikuwa shukrani, kwa sababu katika safari za namna hii ni kawaida mgeni kumpikia mwenyeji chakula cha kwao siku moja. Mama alisikia kwamba mapishi yake yamekataliwa, na simlaumu, maana jiko ni la mwenyewe. Siku nyingine mwambie mapema, apange yeye siku hiyo, akae kwenye kibao chake cha mbuzi akune nazi huku mgeni akimenya viazi vyake.

Suala la mlango uliofungwa nalielewa kwa yaliyonifika mwenyewe. Nilipopokewa Ujerumani, mwenyeji wangu alinikabidhi ufunguo, akafungua friji na kunionyesha mkate na jibini, kisha akaenda kazini. Nilikaa na njaa mpaka jioni, nikisubiri mtu wa kuniambia “karibu”, na yule mama aliporudi na kuukuta mkate haujaguswa alihuzunika, akidhani chakula chake hakinifai. Kwake, kuniachia nyumba nzima ilikuwa heshima kubwa kuliko zote. Mgeni wenu naye, aliyeshinda siku nzima akisalimiana na mtaa mzima, alikuwa anatafuta saa moja ya kupumua.

Kabla hujampokea mwingine, mwandikie kwa maneno ya wazi: kwamba anakaa na familia, chakula huliwa pamoja saa fulani, viatu huvuliwa mlangoni, maji ya kuoga ni ya ndoo, na siku ya kwanza mtakwenda kumtambulisha kwa mjumbe.

SWALI: Shangazi, mgeni wetu wa Bagamoyo ana siku ya sita na hajasema anaondoka lini. Tutamwambiaje bila kumfukuza?

JIBU: Servas, chama cha ukarimu wa bure kilichoanza Denmark mwaka 1949, huhesabu kwa kawaida usiku mbili, nao wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hiyo hapo hapana ugeni wa mila. Yeye pengine anaamini kwamba mkichoka mtasema, nanyi mnasubiri ajiongeze. Mwambie leo jioni, kwa upole na kwa kutaja siku: “Tumefurahi kuwa nawe, chumba tutakihitaji Ijumaa.” Atakushukuru kwa kumwambia mapema, kisha msindikize mpaka stendi.