Mbwa na tumbili wa Entebbe

Dada, umeuliza kama ni salama kumtembeza mbwa wako katika Bustani ya Mimea ya Entebbe. Uliza kwanza langoni kama mbwa wanaruhusiwa. Wakikubali, usimfungue kamba hata dakika moja. Mbega hukaa juu mitini, lakini tumbili hushuka kutafuta chakula, na mbwa akiwakimbilia watoto wao, dume anaweza kugeuka amng'ate. Kwa hiyo hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa kabla hamjatoka nyumbani, hilo nakusihi. Ziwani asiingie, nawe usimfuate: Ziwa Victoria lina kichocho, na mamba wamo. Mbebee maji yake. Mkirudi, mkague kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, ndiko hujificha.