Nilidhani nimemnunua Chapman

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia picha WhatsApp, bila hata salamu. Kituo cha mafuta kipya, pampu nne, paa jekundu, na pembeni kabisa matawi ya mwembe ninaoufahamu. Chini kaandika: "Mdogo wangu, unapakumbuka?"

Napakumbuka. Mwembe ule ulikuwa wangu. Ni viwanja viwili vya Kibada, Kigamboni, nilivyonunua mwaka 2011, enzi ambazo kwenda huko ilikuwa upange foleni ya pantoni na urudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Niliviuza Julai 2017. Sikumjibu. Nilikaa kwenye gari nje ya kazini, nikaikuza picha kwa vidole viwili kutafuta ule mpaka wa matofali niliouweka mwenyewe. Haupo.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa Njombe akaniandikia. Ana shamba la miparachichi, miti ina miaka miwili, bado haijaanza kuzaa. Amepata mtu wa kulinunua lote kwa hela ya kutosha bajaji mbili zinazotembea, zenye madereva na hesabu ya kila siku. Anauliza: kaka, niuze?

Mdogo wangu, nitakujibu, ila itabidi unifuate kwanza mpaka Chicago, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza jambo hili vibaya.

Nilipofika Marekani nilibeba maboksi kama wengine wote, kwenye ghala moja, shifti ya usiku. Mwenzangu wa kupakia tela alikuwa mzee wa Puerto Rico mwenye redio ndogo aliyoifunga kwa waya kwenye nguzo. Kila usiku kuanzia Aprili hadi Oktoba redio ile ilikuwa besiboli tupu, na timu ilikuwa Cubs. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mchezo wa watu waliokosa kazi. Mwaka wa pili nilikuwa nagombana na watu kuhusu warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira.

Kilichonivuta ni jinsi timu zinavyobadilishana watu. Kwetu mchezaji ananunuliwa kwa fedha. Kule timu inampa mwenzake binadamu na kupokea binadamu. Fikiria Simba wawape Azam vijana wanne wa timu B ili wapewe kipa mmoja wa kumalizia nao msimu tu, kisha kipa aende zake. Ungesema viongozi wamelogwa.

Cubs walifanya hivyo hasa. Jumatatu ya tarehe 25 Julai 2016 walimchukua Aroldis Chapman kutoka Yankees ya New York, mrushaji wa kufunga mchezo, mpira wake unapita kilomita 160 kwa saa. Mkataba wake ulikuwa umebaki miezi michache. Wakatoa watu wanne, na kati yao alikuwepo Gleyber Torres, kijana wa Venezuela wa miaka 19, chipukizi namba moja wa klabu nzima. Mzee alipiga boksi ngumi. Theo Epstein, mkuu wa shughuli za timu, aliwauliza watu kama si sasa basi ni lini, na swali lenyewe lilikuwa na uzito wake, maana Cubs walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1908. Chapman mwenyewe alikuwa ametoka kufungiwa michezo 30 kwa kanuni ya ligi inayohusu ukatili wa nyumbani, na mama watoto wangu alisema tangu siku ile kwamba kombe likija kwa mkono huo litakuwa na doa. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimejivika kiu ya miaka 108 ya watu wengine.

Tarehe 2 Novemba 2016, Cleveland, mchezo wa saba wa World Series, fainali ya ubingwa. Cubs wanaongoza 6 kwa 3, zamu ya nane kati ya tisa, wapigaji wawili wa Cleveland wameshatolewa. Anaingia Chapman. Kumbuka kocha Joe Maddon alishamrushisha mipira 42 kwenye mchezo wa tano na mingine 20 kwenye wa sita, wakati Cubs walikuwa tayari mbele kwa pengo kubwa. Mkono ulikuwa umekwisha, hata redio ilisikika hivyo. Inaingia pointi moja. Halafu Rajai Davis anaupiga mpira unavuka ukuta wa kushoto, sita kwa sita. Mzee alikaa chini kwenye paleti, akavua kofia, akaiangalia ndani kama mtu anayetafuta jina lake. Kwa dakika zile Torres alikuwa ametolewa bure.

Ikanyesha mvua, mchezo ukasimama dakika 17. Ukarudi, Ben Zobrist akapiga, Cubs wakashinda 8 kwa 7 katika zamu ya kumi. Na kwa kanuni za kuweka kumbukumbu, mrushaji aliyeandikiwa ushindi ni huyohuyo Chapman, aliyetaka kutuua. Mwezi uliofuata akasaini kurudi Yankees kwa miaka mitano, dola milioni 86. Cubs wakabaki na kombe. Yankees wakabaki na Chapman na Torres, wote wawili.

Nililia usiku ule. Msinicheke. Na nikatoka na somo moja nililoliamini kama msahafu: chipukizi ni kwa ajili ya kutolewa. Kiwanja ni chipukizi. Mche ni chipukizi. Chukua kitu kinachofanya kazi leo.

Mwaka uliofuata ndugu mmoja, Mtanzania mwenzangu, aliniletea habari ya lori. Kichwa na tela, lina miaka tisa barabarani, lina kazi ya uhakika ya kupeleka mizigo Memphis na kurudi. Yeye anatoa nusu, mimi nusu. Alinionyesha karatasi za mapato za miaka mitatu. Kitu kilichothibitika! Daraja la Kigamboni lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja nyuma, bei zimepanda, nikajiona mjanja kwamba nauza kileleni. Nikauza viwanja vyote viwili kwa milioni 48, karibu dola 21,000 kwa wakati ule. Dada aliniambia: "Uza kimoja, kingine kiache kilale." Nikamjibu kwa maneno ya besiboli ambayo hakuyaelewa, na kwa kiburi ambacho alikielewa vizuri.

Na wiki hiyohiyo, Alhamisi ya tarehe 13 Julai 2017, Cubs nao wakafanya biashara nyingine. Wakamchukua José Quintana kutoka White Sox, majirani zetu wa kusini mwa jiji, wakawapa Eloy Jiménez, Dylan Cease na vijana wengine wawili. Nilimwambia mzee: ona, hata wao wananiunga mkono. Kwenye makaratasi ilionekana biashara ya busara kuliko ile ya Chapman. Quintana hakuwa mtu wa miezi mitatu, mkataba wake uliweza kufika 2020 na kwa bei nafuu, na haumwi ovyo. Nani angelaumu?

Lori lilifanya kazi miezi kumi na minne. Sitawachosha na katikati. Giaboksi, kisha bima ikapanda, kisha mwenzangu akapata kazi Texas na kuniachia funguo mezani, kisha giaboksi tena. Tuliliuza kwa dola 4,000 na tukagawana. Hela yangu niliipokea Jumanne ya tarehe 2 Oktoba 2018, na nilikuwa ndani ya treni narudi nyumbani nasikiliza kwa simu Cubs wakitolewa na Colorado, 2 kwa 1, zamu kumi na tatu. Watu ndani ya behewa wamelala. Nilikuwa na hundi ya dola 2,000 mfukoni, nailinda kwa kiganja kama mtu mwenye maumivu ya kifua.

Tangu siku hiyo familia yangu wote wamekuwa mahakimu. Ningalijua huja nyuma, lakini kwetu huja na ndugu saba kwenye grupu. Kila kiwanja kikipanda bei, picha inakuja. Na kwa miaka mingi nilijitetea kwa jina moja: Chapman. Nilikuwa nawaambia, ukitaka kombe unatoa mtoto. Mwaka huu ndipo nimekiri, na ninakiri hapa mbele yenu, kwamba mimi sikumnunua Chapman. Nilimnunua Quintana.

Wengi wanapima biashara hizi kwa kuangalia yule mtoto alikuja kuwa nani. Haya, tuangalie. Torres alichaguliwa kikosi cha nyota 2018 na 2019, akapiga mipira 38 ya kuvuka ukuta mwaka 2019. Je, Cubs walikosea? Pale katikati walikuwa na Addison Russell na Javier Báez. Kijana angecheza wapi? Na Yankees walikaa naye mpaka 2024 bila kombe hata moja. Cease alishika nafasi ya pili ya tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 2022, na tarehe 25 Julai 2024 alirusha mchezo mzima bila mpinzani kupata pigo hata moja. Lakini alikuwa amevaa jezi ya San Diego! White Sox waliopewa dhahabu ile walishinda kundi lao mara moja, 2021, na mwaka huo wa 2024 wakapoteza michezo 121, rekodi ya aibu ya zama hizi. Jiménez alianza kwa kishindo, mipira 31 mwaka 2019, kisha majeraha yakamla. Sasa nani alimpiga nani?

Ndiyo maana siku hizi nauliza kitu kimoja tu: siku ile ulikuwa unanunua nini, na je, ulikipata? Cubs 2016 walinunua Oktoba moja, yaani msimu mmoja wa mtoano, wakaipata, imekwisha, hata Torres angekuja kuwa mfalme. Cubs 2017 walinunua utulivu. Walikuwa mabingwa wanaoogopa kushuka, wakataka mtu wa kuwashikilia pale juu. Mwaka huo walifika hatua ya mwisho kabla ya World Series, Dodgers wakawapiga 4 kwa 1, na tangu hapo hawakushinda hata hatua moja ya mtoano mpaka Quintana alipoondoka baada ya 2020. Quintana hakuwa mbovu. Alinunuliwa alete kitu ambacho mrushaji hauzwi nacho.

Na mimi nilinunua utulivu. Ukweli ndio huo na ulikuwa mgumu kuuandika. Nilikuwa nimechoka maboksi. Lori sikulitaka, nilitaka kuambiwa nimefika. Karatasi za miaka mitatu nilizisoma usiku mmoja, na ya mwaka wa tatu ilikuwa tayari inashuka, nikaona, nikageuza ukurasa.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Njombe, na wengine mnaosoma kimya kimya: kabla ya kuuza, jua unanunua nini. Andika kwenye karatasi. Ukiandika "bajaji mbili" hujaandika kitu. Andika bajaji zitakupa nini na mpaka lini. Ada ya mdogo wako ya Januari? Hiyo ni Oktoba, ina tarehe, ukishailipa hakuna wa kukunyang'anya, uza na usiangalie nyuma. Lakini kama unauza kwa sababu umechoka kumwagilia na kusubiri, jiulize tena. Jua unanunua nini. Bajaji nayo ina umri, na anayekuuzia kinachotembea anajua kimetembea kiasi gani. Waulize madereva, hesabu ya mwezi uliopita ilikuwa ngapi, na ya mwezi kama huo mwaka jana ngapi. Na msiwape mahakimu wa familia picha moja ya kuhukumia. Mnaonitumia sheli ya Kibada hamtumi picha ya mwaka 2019 baba alipolazwa, na sote tunajua viwanja vile vingekuwa vya kwanza kuuzwa. Kiwanja hakikungojei kikiwa kimekunja mikono. Vijana wetu mnapenda kuonekana mmefika, mnapenda chombo chenye namba kuliko mti usio na tunda, halafu mkianguka mnasema ni bahati. Bahati haikusaini mkataba. Nilisaini mimi.

Nimepandisha sauti, samahanini.

Jambo moja la mwisho, maana mzee akisoma tafsiri ya hii atanidai. Julai 2021 Cubs waligeuza meza: ndani ya siku mbili wakawauza Rizzo, Bryant na Báez. Báez wetu walimpeleka Mets wakapewa kijana wa miaka 19, Pete Crow-Armstrong, aliyekuwa amecheza michezo sita tu msimu ule kabla ya bega kufanyiwa upasuaji. Nilimpigia mzee nikamwambia nimemaliza, sitazami tena, na jezi yangu ya Báez nikampa kijana wa jirani. Mwaka 2025 Crow-Armstrong alivusha mipira 31 na kuiba vituo 35, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, na mzee, ambaye sasa amestaafu, kila akipiga simu anaanza kwa kuniuliza kama jezi ilimkaa vizuri yule jirani.

Dada sijamjibu bado. Jumapili nitampigia. Nataka aniambie pampu ziko upande gani, kwenye kiwanja cha mwembe au kile kingine alichoniambia nikiache kilale.